Kulisha ndege wa mtaani na paka wasio na makao katika baridi kali: mwongozo wa hatua kwa hatua

Katika jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, joto la usiku wa Januari hushuka kwa wastani hadi kama nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na tarehe 30 Januari 2019 lilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi na kutua mnamo saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo ndege wa mchana ana saa zisizotimia tisa za kutafuta kile kitakachompitisha usiku wa saa kumi na tano. Wakenya, Watanzania na Wakongo waliohamia mji huo na vitongoji vyake kama Brooklyn Park huwaona viumbe hao dirishani kila asubuhi, na wengi hutamani kuwasaidia ila hawajui waanzie wapi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, ingawa sehemu kubwa yake itamfaa pia anayeishi Maine, Toronto au mji mwingine wowote ambako theluji hukaa kwa miezi. Tamko moja litangulie yote: katika kazi hii chakula ni sehemu ndogo. Kilicho kikubwa ni kuamua nani atalishwa na nani ataachwa, kisha kuhakikisha kwamba unachokiweka nje hakimdhuru yule uliyemkusudia.

Hatua ya kwanza: amua utamlisha nani

Ndege wadogo wasiohama ndio wanaofaidika zaidi na ndio wenye madhara madogo kwa majirani. Kati yao yumo chikadii, ndege mwenye kofia nyeusi kichwani ambaye hafiki uzito wa gramu 15 na ambaye usiku hushusha joto la mwili wake kwa takriban nyuzi 10 ili asimalize mafuta yake kabla ya alfajiri. Wamo pia kardinali, ambaye dume lake ni jekundu kabisa, junko wa kijivu wanaookota mbegu chini, vigong'ota, na shomoro, ambaye ni ndege yuleyule anayejenga kiota katika paa za Mombasa na Unguja. Hawa walishe bila wasiwasi, mradi ufuate masharti ya usafi yaliyoelezwa mbele.

Paka wasio na mwenyewe wanaweza kulishwa pia, lakini kwa mpango, kwa sababu kulisha paka bila kuwafunga uzazi ni kuongeza idadi ya watakaoteseka baridi ijayo. Mbwa anayezurura ni suala jingine: katika mji kama Minneapolis karibu kila mara ana mwenyewe anayemtafuta au anahitaji kupelekwa kwenye hifadhi ya wanyama, hivyo usimzoeze kula kwako siku hata siku, bali piga simu namba 311 ya huduma za jiji uunganishwe na idara ya wanyama.

Kulungu usimlishe kabisa. Katazo hili huwashangaza watu wengi, kwa maana kulungu aliyesimama kwenye theluji na mbavu zikionekana humtia mtu huruma kuliko mnyama mwingine yeyote. Hata hivyo, tumbo la kulungu hutegemea vijidudu vinavyomeng'enya chakula, na vijidudu hivyo wakati wa baridi huwa vimezoea vijiti, magome na machipukizi. Akipewa mahindi mengi kwa ghafla, asidi hupanda tumboni na anaweza kufa tumbo likiwa limejaa. Zaidi ya hayo, kulungu wanaokusanyika mahali pamoja huambukizana ugonjwa wa kudhoofika unaoharibu ubongo, ambao ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwenye zizi la utafiti huko Colorado na ambao hauna tiba wala chanjo. Kwa sababu hiyo idara ya maliasili ya Minnesota imepiga marufuku kulisha kulungu katika kaunti nyingi, na katika kaunti hizo hata chakula cha ndege kinatakiwa kuwekwa mahali ambapo kulungu hafikii au kwenye urefu wa angalau futi 6 kutoka ardhini.

Rakuni, mnyama wa usiku mwenye manyoya meusi kuzunguka macho, na kicheche wa Marekani nao waache. Wana mafuta ya kuwatosha, hujifungia mashimoni siku za baridi kali, na kicheche ni miongoni mwa wanyama wanaoeneza kichaa cha mbwa katika jimbo hilo. Bata na mabata bukini wa ziwani hawahitaji mkate wako, kwani huwashibisha bila kuwajenga na huwafanya wakawie mahali ambapo maji yataganda. Kindi atajialika mwenyewe.

Hatua ya pili: soma mkataba wa nyumba na kanuni za mji

Anayepanga nyumba asome mkataba wake kabla ya kununua chochote, kwa sababu wenye majengo wengi hukataza kulisha wanyama barazani kwa hofu ya panya na uchafu unaomwangukia mpangaji wa chini. Kanuni za miji jirani hutofautiana, hasa kuhusu paka, kwa hiyo uliza ofisi ya mji wako mwenyewe na usitegemee alichoambiwa ndugu yako anayeishi mji wa pili. Ukiruhusiwa, mjulishe jirani. Maneno mawili mlangoni leo huzuia malalamiko mengi ya kesho.

Hatua ya tatu: simika nguzo kabla ardhi haijaganda

Kilishio, yaani chombo cha kuwekea chakula cha ndege, hukaa vizuri zaidi juu ya nguzo ya chuma, na nguzo hiyo huchimbiwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kwani baadaye ardhi huwa ngumu kama zege. Aliyechelewa anaweza kuisimamisha ndani ya ndoo kubwa iliyojazwa mchanga au kokoto, na itasimama imara mpaka machipuko.

Kumzuia kindi hakuhitaji hila bali vipimo. Funga kwenye nguzo bati lenye umbo la mwavuli kwenye urefu wa mita moja na nusu kutoka ardhini, kisha hakikisha kwamba nguzo iko zaidi ya mita mbili kutoka kwenye ukuta, uzio au shina lolote, na kwamba hakuna tawi lililo juu yake kwa umbali usiofika mita tatu. Kipimo kimoja kati ya hivyo kikikosekana, kindi atakigundua siku ileile.

Umbali kutoka dirishani una uzito zaidi, kwa kuwa ndege wengi hufa kwa kugonga vioo wanavyodhani ni anga. Kilishio kiwe ama chini ya mita moja kutoka kwenye kioo, ambapo ndege anayeruka kwa kushtuka hajapata kasi ya kujiumiza, ama zaidi ya mita tisa. Umbali wa katikati ndio wenye hatari. Mkaaji wa ghorofa anaweza kutumia kilishio kidogo kinachong'ang'ania kioo kwa vikombe vya mpira, ambacho kwa namna kilivyo hutimiza sharti hilo.

Hatua ya nne: chagua chakula cha ndege

Kama utanunua kitu kimoja tu, nunua alizeti nyeusi isiyo na chumvi. Ganda lake ni jembamba kiasi kwamba hata chikadii hulipasua, na kiini chake kina mafuta mengi. Alizeti yenye mistari ina ganda nene na huwafaa wenye midomo mikubwa tu.

Jihadhari na mifuko ya mchanganyiko wa bei rahisi. Ukiimwaga mezani utaona kwamba sehemu kubwa ni punje za mtama mwekundu, ambazo kwa mkulima wa Dodoma au Kitui ni mali, lakini ndege wengi wa Minnesota huzitupa chini ili wafikie alizeti. Punje hizo huloa, huota ukungu na kuita panya. Nafaka ndogo nyeupe inayofanana na uwele ni bora, na junko huipenda ikinyunyizwa kidogo kwenye theluji iliyoshindiliwa. Pia zipo mbegu nyembamba nyeusi za jamii ya alizeti ambazo asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, na ambazo hupitishwa kwenye joto kali kabla ya kuingizwa Marekani ili zisiote. Hizo ni chakula cha chiriku wa manjano, na huhitaji kilishio chenye matundu madogo.

Kigong'ota hutaka shahamu. Mwombe mwenye bucha mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe, yaliyo mabichi na yasiyotiwa chumvi, uyatie katika kijizizi cha waya na kukitundika kwenye shina. Bucha za halali za mjini humo mara nyingi huyatoa kwa bei ndogo. Usitumie mafuta yaliyobaki kwenye kikaango, kwa sababu yana chumvi na viungo, na kwa ulaini wake hupaka manyoya na kuyaondolea uwezo wa kuhifadhi joto.

Karanga ni chakula kizuri sana zikiwa hazina chumvi na ziko kavu. Karanga zilizoota ukungu, hata kidogo, zitupwe. Sumukuvu haichagui: ile iliyokuwa ndani ya mahindi na kuua watu zaidi ya 100 huko Makueni na Kitui mwaka 2004 ndiyo hiyo hiyo inayoua ndege ndani ya siku chache. Usinunue gunia kubwa utakalolimaliza Mei. Nunua kidogo, hifadhi kwenye chombo cha bati chenye kifuniko, mahali pa baridi na pakavu.

Mabaki ya jikoni yanastahili neno la peke yake, kwa maana desturi yetu ya kutotupa chakula ni njema lakini hapa hutupotosha. Pilau, chapati na samaki wa kukaanga vina chumvi ambayo mwili wa ndege mdogo hauwezi kuitoa. Parachichi lina sumu kwa ndege. Mkate na ugali haviui, ila humjaza ndege tumbo katika saa chache za mchana alizohitaji kula mafuta. Wali mweupe uliopikwa bila chumvi unaweza kutolewa kidogo, na usibaki hadi jioni.

Jaza kilishio mapema, ikiwezekana kabla ya mapambazuko, kwa sababu ndege hula kwa pupa mara mbili kwa siku: wanapoamka na saa moja kabla ya giza.

Wengi huuliza kama ni dhambi kusafiri na kuacha kilishio kitupu baada ya kuwazoeza ndege. Watafiti Margaret Brittingham na Stanley Temple walilichunguza jambo hili kwa chikadii wa Wisconsin, jimbo jirani. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1988, asilimia 69 ya waliolishwa walivuka msimu wa baridi wakiwa hai, dhidi ya asilimia 37 ya wasiolishwa, na tofauti hiyo ilitokana zaidi na siku za baridi kali mno. Baadaye waliondoa vilishio mahali ambapo ndege walikuwa wamelishwa kwa muda mrefu, na ndege hao waliendelea kuishi sawasawa na wale ambao hawakuwahi kuona kilishio. Safiri, basi, ila kama utabiri unaonyesha nyuzi 20 chini ya sifuri, mwombe jirani akujazie.

Hatua ya tano: weka maji yasiyoganda

Theluji imejaa kila mahali, na bado kiu ipo, kwa kuwa kuyeyusha theluji mwilini hutumia nguvu ileile ambayo ndege anajaribu kuihifadhi. Bakuli la maji lenye kipashajoto cha umeme, lililounganishwa kwenye soketi ya nje yenye kikata umeme cha usalama, ndilo suluhisho la uhakika. Asiye nalo atoe maji ya uvuguvugu asubuhi na alasiri, ayamwage yanapoanza kuganda. Usitie chumvi, sukari wala kitu chochote cha kuzuia kuganda. Maji yawe na kina kisichozidi sentimita tano, pamoja na jiwe la kusimamia, ili ndege anywe bila kulowa.

Hatua ya sita: safisha, au acha kulisha

Hapa ndipo wafadhili wengi huharibu. Kilishio huwakutanisha ndege ambao porini wasingegusana, na uchafu wa mmoja huwa chakula cha mwingine. Mapema mwaka 2021 mamlaka ya afya ya Marekani ilihusisha mlipuko wa maambukizi ya bakteria wa salmonela kwa binadamu katika majimbo kadhaa na ndege wadogo wa porini, na watu walishauriwa kusafisha vilishio au kuviondoa kwa muda. Ugonjwa wa macho wa chiriku wa nyumbani, ulioonekana kwanza mwaka 1994 karibu na Washington, D.C., husambaa kwa njia hiyohiyo: ndege mgonjwa huingiza kichwa tunduni na kuacha bakteria ukingoni.

Kila baada ya wiki mbili shusha kilishio, kisugue kwa maji ya moto na sabuni, kisha kiloweke kwa dakika kumi katika mchanganyiko wa sehemu moja ya ile dawa ya klorini tunayoizoea kwa jina la jiki na sehemu tisa za maji. Kisuuze, kikauke kabisa, ndipo ukijaze. Fanya kazi hiyo kwenye ndoo maalumu, si kwenye sinki la vyombo. Fagia maganda yaliyo chini. Ukiona ndege amevimba macho au amejikunyata kama mpira na hakimbii mtu, ondoa vilishio vyote kwa wiki mbili, ili kundi litawanyike. Ndege aliyekufa usimshike kwa mikono mitupu, hasa tangu homa ya ndege ya H5N1 ilipoenea Marekani mwaka 2022.

Hatua ya saba: walishe paka mbali na ndege, na uwajengee kibanda

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba paka wa nje nchini Marekani huua kati ya ndege bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, na wengi wao ni kazi ya paka wasio na mwenyewe. Ikiwa basi unalisha wote, sahani ya paka iwe upande wa pili wa nyumba, na kichaka chochote cha kuviziia kilicho karibu na nguzo ya ndege kipunguzwe.

Chagua wakati mmoja maalumu wa mchana na uushike. Paka hujifunza ratiba kwa siku chache, huja kwa wakati, na wewe huondoa sahani baada ya nusu saa, kabla rakuni hawajatoka gizani. Chakula kikavu hakigandi, kwa hiyo ndicho cha msingi. Chakula cha kopo kipashwe moto na kitolewe kidogo kidogo, kwa kuwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri hugeuka jiwe upesi. Ongeza kipimo baridi inapozidi, maana mwili unaotetemeka unachoma zaidi. Maziwa yaache, kwa sababu paka wazima wengi huharisha wakiyanywa, na kuharisha katika baridi ni kupoteza maji na joto kwa pamoja. Mchuzi wenye vitunguu una sumu kwao, mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali, na nyama mbichi ya kuku inaweza kubeba homa ya ndege, ambayo huua paka. Dagaa wakavu wanaruhusiwa kama tamu ya mdomo, baada ya kulowekwa ili chumvi itoke. Bakuli la maji liwe la mpira au plastiki, lenye kina kirefu na mdomo mwembamba. La chuma hunasa ulimi.

Kibanda kina faida kuliko sahani ya pili. Chukua sanduku la plastiki lenye kifuniko, lenye nafasi ya paka wawili au watatu tu, kwa kuwa joto la miili yao ndilo jiko lake na dari ndefu hulipoteza. Panga ndani, pande zote pamoja na chini ya kifuniko, vipande vya lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Toboa mlango wa sentimita 15 hivi, ambao paka hupita na mnyama mkubwa hapiti. Jaza mabua makavu ya ngano, ambayo hayanyonyi maji na humruhusu paka ajichimbie. Blanketi, taulo na nyasi za kulishia mifugo hunyonya unyevu na kuganda, kwa hiyo kibanda kilichotandikwa kwa upendo namna hiyo huwa cha baridi kuliko kitupu. Kiinue kwa matofali sentimita kumi kutoka chini, geuza mlango usielekee kaskazini-magharibi zinakotoka pepo za baridi za Minnesota, kisha weka kitu kizito juu yake. Maji na chakula visiwekwe ndani. Kila baada ya theluji kuanguka, fukua mlango.

Kisha tafuta shirika la eneo lako linalotega paka, kuwafunga uzazi, kuwachanja na kuwarudisha. Paka aliyepitia utaratibu huo hutambulika kwa ncha ya sikio iliyokatwa, kwa kawaida la kushoto. Jambo hili lisingoje machipuko: paka jike huanza kuingia joto siku zinaporefuka, yaani kuanzia Januari na Februari, mimba huchukua takriban miezi miwili, na binti wa miezi mitano anaweza kushika mimba. Paka anayekaribia watu, anayelia na kutaka kubebwa, pengine amepotea. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe kama ana kifaa cha utambulisho chini ya ngozi.

Kuna mambo mawili ya barabarani. Paka hupanda kwenye injini iliyozimwa karibuni ili aote moto, hivyo gonga boneti kabla ya kuwasha gari. Na kile kimiminika cha rejeta chenye ethilini glikoli kina ladha tamu, na kijiko kimoja cha chai hutosha kumuua paka; kikimwagika, kifute mara moja na uoshe mahali pake.

Hatua ya nane: jua mpaka wa msaada wako

Mnyama aliyejeruhiwa usimlishe wala usimnyweshe. Ndege aliyegonga kioo muweke katika boksi la karatasi lenye giza, mahali pasipo na joto kali, na umwachie nje baada ya saa moja au mbili akiwa amechangamka. Asipopona, kituo cha kutibu wanyamapori kilichoko Roseville, kaskazini mwa Saint Paul, hupokea wanyama wa aina hiyo. Ukiumwa au kuparurwa na paka, rakuni au popo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano.

Hatua ya tisa: funga msimu kwa mpangilio

Machi joto linapovuka sifuri, ondoa shahamu kwanza, kwa sababu huchacha na kudondoka. Kaskazini mwa Minnesota, na popote ambapo dubu weusi wanapita, shusha vilishio vyote kabla hawajatoka mapangoni mwezi Aprili, kwani dubu aliyepata mbegu za alizeti uani hurudi, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa. Paka waendelee kulishwa kwa ratiba ileile, ila punguza kipimo polepole. Toa mabua yote ya kibandani, yatupe, osha sanduku kwa mchanganyiko wa klorini uliotajwa na ulihifadhi likiwa kavu. Mashina makavu ya maua yaliyobaki bustanini usiyakate hadi Mei, kwa maana mbegu zake zitakuwa bado zinaliwa, na safari hii bila wewe kununua chochote.